Lori la Chai Limezama: Utalivuta kwa Kamba Gani?

  Mazungumzo ya leo ni ya kamba. Ni ile kamba inayokaa nyuma ya kiti cha lori la majani chai, imeviringishwa ovyo, imekaukiwa na matope ya msimu uliopita, wala hakuna anayeiulizia mpaka siku gari linapozama.

Siku hiyo mnaijua. Kericho na Bomet hatulalamikii uhaba wa mvua. Unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ukakutana na miinuko ya Mau, na mchana ukishasogea mawingu yanafunga. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa, lakini hata Agosti mtu hatoki nyumbani bila mwavuli. Udongo wetu mwekundu ulitokana na volkano, una kina kirefu, na ndio unaoifanya chai yetu istawi. Udongo huo huo ukilowa haushiki gurudumu. Barabara ya lami ya kutoka Kericho kupita Litein na Kapkatet hadi Kaplong haina taabu hiyo. Taabu inaanza ukikunja kuingia ndani, kuelekea vituo vya kuuzia majani vya Konoin, Bureti na Belgut, kule ambako changarawe ilimwagwa zamani ikamezwa, na njia inateremka mpaka kijito kisha inapanda tena bila huruma.

Na jani la chai halina subira. Likishachumwa linaendelea kupumua. Likishindiliwa kwenye gunia linapata joto, na kingo zake zinaanza kuwa nyekundu kabla halijaona kiwanda. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Lori likilala njiani na tani 5 za majani, ni zaidi ya tani moja ya chai inayoharibika pale pale, na hasara inaandikwa kwa wakulima ambao tayari wamekwisha kupimiwa na karani. Kwa hiyo lori likizama Mogogosiek saa kumi na moja jioni, kila mtu ana haraka. Dereva ana haraka, utingo ana haraka, mkulima ana haraka, na mwenye trekta aliyeitwa kutoka shamba la jirani anataka kumaliza arudi kwake. Kamba yoyote inayoonekana inachukuliwa. Watoto wanaotoka shule wanasimama kandokando kutazama.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame pamoja. Matope ya barabarani kwa kawaida hayaui. Yanachafua, yanachelewesha, yanaharibu majani, lakini mtu hutoka humo akiwa mzima. Kinachoua ni kamba inapokatika, au chuma kinapong'oka kikiwa kwenye ncha ya kamba.

Tuitazame nguvu yenyewe. Trekta dogo lina uzito wa tani 3 hivi. Dereva akirudi nyuma, akailegeza kamba, kisha akaruka mbele mpaka mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole, trekta hilo linabeba nishati sawa na gunia la kilo 50 lililoangushwa kutoka urefu wa mita 23. Gunia kutoka ghorofa ya saba. Nishati hiyo yote inaingia ndani ya kamba kwa muda mfupi sana. Kamba ikishika, lori linatoka na watu wanapiga vigelegele. Kamba ikikatika, nishati haipotei. Inarudi na ile ncha, kwa kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuifuata, na haichagui itampiga nani. Nchini Australia, ambako watu wengi huvutana mchangani na vichakani, wako waliouawa wakiwa wameketi ndani ya gari, baada ya kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela kung'oka na kupenya kioo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika kuvuta magari, pembamba mara nyingi si penye kamba. Ni pale kwenye chuma tulipoifungia.

Sasa, kamba ipi? Ukienda kwenye duka la hadiwea Kericho mjini au Bomet, utaonyeshwa aina nyingi, na bei ndiyo itakayokushawishi. Kamba ya katani inatoka kwa mkonge, na mkonge unalimwa hapa hapa Kenya, Mogotio na Voi. Naipenda kwa kufungia ng'ombe na kwa kazi za nyumbani. Kwa lori, hapana. Katani ya unene wa milimita 24, ikiwa mpya na kavu, hukatikia tani 4 hivi. Ikishalowa na kuoza kidogo kwa ndani, huwezi kujua imebaki na nguvu gani, kwa maana kwa nje inaonekana nzima.

Ile ya plastiki, ya buluu au ya manjano, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, ni polipropilini. Kwa unene huo huo wa milimita 24 hukatikia tani 7 na nusu hivi. Ni nyepesi, ni rahisi kununua, lakini ina maadui wawili. Jua linaila polepole mpaka nyuzi za juu zinakuwa unga unaobaki mkononi, na joto la msuguano linaiyeyusha upesi kuliko kamba nyingi. Kamba iliyokaa msimu mzima juu ya bodi ya lori, jua likiipiga, si kamba uliyoinunua.

Nailoni ndiyo ninayoitetea. Ilivumbuliwa mwaka 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont ya Marekani, na kwa kazi ya kutoa gari matopeni bado ina heshima yake. Milimita 24 hukatikia tani 12 hivi, na milimita 32 hufika tani 20. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba inanyumbuka. Trekta likivuta, nailoni inarefuka kwanza, inapokea ule mshtuko kidogo kidogo, kisha inauhamishia kwenye lori bila kulipiga ghafla. Ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake, kama moja ya kumi hivi, na maji ya betri ni sumu kwake. Msiiweke karibu na betri kuukuu garini. Ukitaka kujua kama mwenye duka anakuuzia nailoni kweli, omba kipande kidogo ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Polipropilini inaelea. Nailoni inazama. Jaribio hilo halina gharama na halidanganyi.

Kisha kuna waya wa chuma na mnyororo. Vyote viwili vina nguvu nyingi, na vyote viwili havinyumbuki. Kwa hiyo ni vya kuvutia polepole, vikiwa vimekwisha kukazwa, bila mruko hata wa hatua moja. Mtu anayefunga mnyororo kisha anaruka na trekta anapiga pete za chuma kwa nyundo ya tani 3. Zamu ya kwanza zitastahimili, na ya pili huenda pia, na kila mara kuna pete moja iliyopata ufa usioonekana.

Niruhusuni niwatoe matopeni kidogo niwapeleke majini, kwa sababu watu wanaovutana majini wametutangulia katika jambo hili. Waliokwenda Mombasa au Diani wakati wa likizo wameona spidiboti ikivuta vijana waliokalia tyubu kubwa la mpira, au mtu aliyesimama juu ya mbao mbili akiteleza juu ya maji. Mchezo huo wa mbao ulianza mwaka 1922 huko Minnesota, Marekani, kwenye Ziwa Pepin, kijana Ralph Samuelson alipojifunga mbao mbili miguuni na kushika kamba ya kawaida ya dirisha. Leo kamba zake zina kanuni. Ya mtelezaji ina urefu wa mita 23 hivi, na hutengenezwa kwa polipropilini kwa sababu inaelea. Kamba inayozama hunaswa na mapanga ya injini. Mtelezaji anataka kamba isiyonyumbuka sana, ili mikono yake ihisi boti. Ya tyubu huwa mita 15 hadi 20, na huchaguliwa kwa hesabu ya watu waliokaa juu yake. Ya mtu mmoja isikatike chini ya kilo 680. Ya watu wawili, kilo 1,080 hivi. Ya wanne, kilo 1,860. Ya sita, kilo 2,720.

Zitafakarini hesabu hizo. Watu wawili wazima wana uzito wa kilo 150 pamoja, na wanavutwa juu ya maji laini, lakini kamba yao lazima ihimili zaidi ya tani moja. Kwa nini? Kwa sababu tyubu likichomeka kwenye wimbi hujaa maji na kusimama ghafla huku boti ikiendelea. Aliyepanga kanuni hizo hakupima uzito wa watu akaishia hapo. Alipima ile sekunde mbaya. Sisi kwenye barabara za chai tunapima kwa macho, tukasema kamba hii ni nene, itatosha.

Boti nayo ina mpangilio wake. Kamba ya tyubu hufungwa chini, kwenye pete imara za nyuma ya boti, na si juu kwenye ule mnara wa chuma unaotumiwa na wanaoruka mawimbi kwa ubao, kwa maana mvuto mzito ukianzia juu unaiyumbisha boti na kuupinda mnara wenyewe. Na ndani ya boti kuna watu wawili. Dereva anatazama mbele. Wa pili hana kazi nyingine ila kutazama nyuma na kumwambia dereva kinachotokea. Basi wazazi, mkienda pwani mwezi wa Desemba, kabla mtoto hajakalia tyubu iangalieni kamba: kama ina mafundo ya kuungia, kama imechakaa, kama boti ina dereva peke yake, mrudisheni mtoto ufukoni. Na jaketi la kuokolea lifungwe vifungo vyote.

Turudi kwetu. Kanuni ya mvuto kuanzia chini ina uzito mkubwa zaidi kwenye trekta kuliko kwenye boti. Trekta limeundwa livute kwenye kile chuma cha chini nyuma yake, kilicho chini ya ekseli. Mtu akifunga kamba juu zaidi, kwenye ekseli yenyewe au kwenye mkono wa juu wa kuinulia jembe, akabana moto na lori likakataa kutoka, magurudumu ya nyuma yanakwama, na mwili wa trekta ndio unaozunguka. Pua inainuka. Kutoka hapo mpaka trekta limlalie dereva ni sekunde moja na nusu hivi. Hakuna mtu anayewahi kuruka. Nasema na vijana wanaoendesha matrekta ya wazazi wao, na nasema nao nikiwapenda: ifungeni chini, na pua ikianza kuinuka, kanyageni klachi kwanza, mengine baadaye.

Kwa upande wa lori, tafuta pini au jicho la kuvutia lililofungwa kwenye fremu, mbele au nyuma. Bampa halivutiwi. Springi haivutiwi. Fito za usukani ndio kabisa. Magari madogo yaliyotoka Japani kwa meli mara nyingi yana vitanzi vidogo vya chuma chini ya tumbo, na wengi huvichukulia kuwa vya kuvutia. Viliwekwa vya kulifunga gari lisisogee melini. Kile cha kuvutia mara nyingi ni kipande cha chuma chenye jicho, kimewekwa pamoja na jeki, na hukazwa kwa skrubu kwenye tundu la bampa. Nacho kimeundwa kwa barabara kavu, si kwa gari lililozama.

Mafundo ni adui nisiyemsamehe. Fundo la kawaida linaweza kuinyang'anya kamba hadi nusu ya nguvu zake. Ile nailoni ya tani 12, ukiifunga fundo katikati kuunga kipande kilichokatika, sasa una kamba ya tani 6, na hujui. Mabaharia wa pwani hawafungi fundo kwenye ncha ya kamba ya kazi. Wanafuma kitanzi, nyuzi zikirudi ndani ya nyuzi, na kitanzi hicho hubakiza karibu nguvu yote. Mwenye duka akikuuzia kamba isiyo na vitanzi, mtafute fundi wa kufuma, au nunua iliyokwisha kufumwa.

Sasa tupige hesabu ya lori letu. Waokoaji wa magari ya kijeshi wana kanuni nyepesi: gari lililozama mpaka usawa wa magurudumu linahitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote pamoja na mzigo, na likizama mpaka juu ya magurudumu, ni mara mbili ya uzito huo. Kisha kuna mlima. Lori la tani 8 pamoja na majani, lililozama magurudumu, linataka tani 8 za mvuto, na kwenye mwinuko zaidi. Katani ya tani 4 imekwisha kushindwa kabla trekta halijawashwa. Plastiki ya tani 7 na nusu nayo imeshindwa. Nailoni ya milimita 24 itahangaika, na ya milimita 32 ndiyo inayobaki na akiba. Hii ndiyo sababu nasema lori la majani lisitoke kiwandani bila nailoni ya milimita 32, mita 10, ili trekta lisimame pakavu na si kwenye shimo lile lile.

Lakini njia nzuri zaidi ni kuyapunguza hayo mahitaji. Pakueni magunia. Najua hakuna anayependa kupakua majani aliyoyapakia sasa hivi, na mvua inanyesha, lakini tani 4 zikishuka lori limekuwa jepesi kwa nusu na kamba imekuwa na nguvu mara mbili. Chimbeni kwenye magurudumu, upande mtakakolivutia lori, si pembeni. Tandazeni vijiti vya chai iliyopogolewa au mawe kwenye njia ya tairi. Vuteni kwa upande lori lilikotoka, maana huko tairi zimekwisha kukata njia yake. Nyoosheni usukani. Dereva wa lori asaidie kwa gia ndogo, taratibu. Gurudumu linalozunguka bure linachimba kaburi lake.

Na watu wakae mbali. Hili nalitaka lisikike hadi kituo cha mwisho cha Kapkoros. Kamba ya mita 10, asiwepo mtu karibu nayo kwa mita 15 kila upande, na asiwepo yeyote kwenye mstari wake, mbele wala nyuma. Hakuna kuruka juu ya kamba iliyokazwa. Hakuna kuikalia ili ikae chini. Kama ni waya, tupieni katikati yake gunia lenye matope au koti zito. Ukikatika, uzito huo unaushusha chini. Mtu mmoja atoe ishara, mmoja tu, akionwa na madereva wote wawili, kama yule wa pili kwenye boti. Watoto waondolewe kabisa. Mtu mzima yeyote aliyepo ana mamlaka ya kuwaambia waende nyumbani, na asione haya kusema na mtoto wa mwenzake.

Lori likishatoka lakini injini imekufa, msilivute kwa kamba hiyo kwenye miteremko ya barabara kuu. Injini ikiwa imezimwa, breki nyingi hupoteza nguvu na usukani unakuwa mzito. Lori la nyuma linaweza kulipita la mbele. Sisi wa nchi hii ya milima tunajua gari zito lisilodhibitika linafanya nini. Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, lori moja liliua zaidi ya watu 50. Kwa barabara kuu tumieni chuma kigumu cha kuvutia, au liiteni gari la kuokoa na mlipe.

Gharama ya kamba nzuri itabishaniwa, nalijua hilo. Wenye malori watasema kiwanda kinunue, na kiwanda kitasema ni juu ya wenye malori. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima, iwe ni Litein, Tegat, Momul au Kapset, na wakulima wana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: kila lori linalobeba majani yetu lina kamba gani, nani aliikagua, na lini? Swali hilo lina uzito sawa na swali la bonasi, kwa sababu utingo anayeifunga ile kamba ni mtoto wa mkulima huyo huyo.

Mvua ndefu huanza Machi. Dereva unayenisikiliza, kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, itoe kamba yako, ioshe mchanga ulioingia kati ya nyuzi, ianike kivulini, kisha ipitishe yote mkononi mwako kutoka ncha hadi ncha. Ukikuta fundo, uzi uliokatika, au mahali palipoyeyuka pakawa pagumu, usiirudishe garini. Ikate vipande vya kufungia ng'ombe, na umwambie mwenye lori siku hiyo hiyo kwamba hutoki bila nyingine.